Nepi Nyeupe Mbele ya Vioo Viwili

Msicheke mkisikia nimestaafu. Nina miaka thelathini na miwili, watoto wawili, na mdogo ananyonya hivi sasa ninapoandika, kwa hiyo mkiona herufi imeruka mjue ni teke lake. Nimetengeneza tovuti hapa Kampala tangu nilipomaliza sekondari, na nimeacha kwa sababu macho yamechoka. Mdomo haujachoka. Ndiyo maana nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoanza kazi hii, hasa wasichana, na hasa wale ambao siku moja mtarudi kazini na mtoto mgongoni, na mtu akawatazama kama mmerudi bila kichwa.

Karibu kila ugomvi niliowahi kuitwa kuamua ulianza kwa maneno yaleyale: "Kwangu haionekani hivyo." Mtu ana vioo viwili vya kompyuta, anafungua tovuti moja, anaona vitu viwili. Anakasirika, maana aliagiza tovuti moja. Anakupigia simu. Na wewe mgeni wa kazi unafanya nini? Unafungua tumbo la tovuti, yale maandishi ya ndani yanayoiambia kompyuta ichore nini na wapi, unaanza kukata na kushona.

Acha. Tumbo hupasuliwa mwisho, baada ya vipimo vingine vyote. Hospitali gani hupasua mtu kabla ya kumuuliza anaumwa wapi?

Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa kwa mwalimu mkuu wa shule moja kule Mengo. Kwenye kioo cha katibu wake tovuti ya shule ilikaa vizuri: nembo juu, picha ya wanafunzi katikati, kitufe cha maombi upande wa kulia. Kwenye kioo cha mwalimu mkuu nembo ilikuwa kubwa kama sinia la pilau na kitufe hakipo kabisa. Nikapasua. Nikaipunguza nembo, ikakaa sawa kwa mwalimu mkuu, ikawa ndogo kama inzi kwa katibu. Nikaikuza, katibu akafurahi, kwa mwalimu mkuu ikafura tena. Siku mbili nzima nilikuwa ninakimbia kati ya meza mbili. Katibu, mama mtu mzima mwenye subira, alinitazama muda wote huku anatafuna karanga. Siku ya pili mchana akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, na hii namba hapa chini kwenye kona, kwake imeandikwa mia na hamsini na kwangu mia. Hiyo ni ya nini?"

Nilitamani sakafu inimeze. Mwalimu mkuu alikuwa na tabia ya kuegemeza faili lake zito kwenye kona ya kibodi, juu ya kitufe cha Ctrl. Kisha anazungusha gurudumu la kipanya arudi juu ya ukurasa, na kila akizungusha anakuza ukurasa bila kujua. Nikabonyeza Ctrl na sifuri. Nembo ikarudi nyumbani kwake. Vitufe viwili kwa siku mbili. Mwalimu mkuu alinishukuru sana, akaliweka faili palepale.

Kwa hiyo ulizeni kwanza maswali ya kijinga. Ukurasa umekuzwa? Kompyuta yenyewe imeambiwa ikuze kila kitu, kama zilivyo laptop nyingi zinazotoka dukani? Vioo vyote viwili vimewekwa kwenye kipimo chake, au kimoja kimenyooshwa kama chapati? Kimoja kinaonyesha ukurasa wa leo na kingine kinaonyesha wa juzi ambao kompyuta imeuhifadhi? Mara nyingi jibu liko hapo, na mnakwenda nyumbani mapema.

Aliyenifundisha kufikiri hivi hakuwahi kutengeneza tovuti hata moja. Mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, Mkristo, mama Mwislamu, na Kiswahili kilikuwa lugha pekee iliyowaweka kitanda kimoja. Rafiki wa baba, Afande Okot, alikuwa fundi wa redio jeshini. Alipotoka jeshini akaweka meza yake Kawempe, akawa anatengeneza redio, televisheni na chochote chenye waya. Nilipokwama nilikwenda kukaa kwenye benchi lake, tuongee.

"Wee mutoto," aliniambia, hakuwahi kuniita Akello hata siku moja, "wewe natafuta mwizi kwa nyumba muzima mara moja. Utakamata? Funga chumba moja. Angalia. Halafu funga ingine."

"Kwa hiyo nibadilishe nini, Afande?"

"Kitu moja. Moja tu! Kama ugonjwa imehama na hiyo kitu, umeshika mwizi. Kama imebaki, rudisha, badilisha ingine. Nani alikupa haraka?"

Mfukoni mwa shati alikuwa na kalamu tano sita zilizokwisha wino. Nilimuuliza za nini. Akachomoa plagi ya kioo cha kompyuta, ile ya pembe yenye safu tatu za pini nyembamba kama ndevu za paka, akanionyesha pini moja iliyolala. Akatoa utumbo wa kalamu, akaivika ile pini mrija huo mtupu, akaiinua taratibu mpaka ikasimama wima.

"Kalamu imekufa," akasema, "lakini bado nafanya kazi. Kama mimi."

Sasa niwaambie habari ya Mama Njeri, ambayo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Mama Njeri ni Mkenya aliyekuwa na duka la vitambaa vya gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, kule Nateete. Duka lilikuwa jembamba kama korido, kwa hiyo vitambaa alivihifadhi stoo ya juu na wateja walichagua kwa picha za tovuti tuliyomtengenezea. Kompyuta ilikuwa moja, vioo viwili. Kimoja kilimtazama yeye. Kingine kilikuwa na shingo ya kuzunguka: mteja akiingia anageuziwa, wanapatana bei vidole viko kwenye picha, mteja akitoka kinageuzwa ukutani. "Asiyenunua asishibe kwa macho," alikuwa anasema. Kutwa nzima kile kioo kiligeuka, kikarudi, kikageuka.

Nilikuwa nimerudi kazini baada ya kujifungua. Amina alikuwa na miezi mitatu, mgongoni, kwa sababu aliyetakiwa kumshika alikuwa ameolewa ghafla. Mama Njeri akaniita.

"Akello, hebu kuja uone. Hii ya customer iko na rangi ya waridi hivi, tamu! Hii yangu ni nyeupe kama hospitali. Si uniwekee waridi kote?"

Nikatazama. Kweli, ukurasa ulikuwa mweupe upande wake na waridi hafifu upande wa mteja. Na mimi ndiye niliyeutengeneza ule ukurasa. Nilijua vizuri kabisa kwamba niliuweka mweupe.

Someni hapa polepole. Nilijua. Swali lilikuwa mbele ya pua yangu: kitu cheupe kimepataje kuwa waridi? Lakini Amina alikuwa analia, Mama Njeri alikuwa anatabasamu, na mimi nilitaka kwenda nyumbani. Nikafungua tumbo nikaweka waridi. Upande wa Mama Njeri ukawa waridi kama alivyotaka. Upande wa mteja ukakolea zaidi. Yeye akapiga makofi. Bosi wangu alipokuja kukagua akapiga kelele, "Banange, Akello! Hii sasa ndiyo kazi!" Akamwambia Mama Njeri kwamba wazo lilikuwa lake, maana yeye anawajua wanawake.

Yaani kioo kimoja kilikuwa kinaumwa, na mimi nikakifundisha kile kizima kuumwa hivyohivyo. Sijawahi kufanya ujinga mkubwa kuliko huo kazini, na nilisifiwa.

Hazikupita wiki mbili akaja Ssenga.

Kwa Waganda ssenga ni shangazi, dada wa baba, na siku ya kwanjula, bwana harusi anapoletwa kutambulishwa nyumbani kwa wazazi wa binti, ssenga ndiye mwenye siku. Wanawake wa upande wa binti huvaa gomesi za rangi moja, wa upande wa bwana harusi rangi nyingine, na wageni hukaa kuhesabu nani amekosea. Ssenga huyu, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa amekuja kwa Mama Njeri, amegeuziwa kioo, amechagua zambarau iliyopauka, vitambaa ishirini na vinne. Akapelekewa mzigo umefungwa. Amefungua nyumbani mbele ya wifi zake wote. Samawati. Rangi ya mbingu kavu.

Alipoingia dukani, mimi nilikuwa pale nimekuja kuongeza picha mpya. Akatupa kitambaa kimoja juu ya kaunta.

"Nnyabo, hii ni nini? Mimi nilichagua zambalau. Umeniretea mbingu!"

"Mama, hiyo ndiyo uliguza na kidole yako," Mama Njeri akasema. "Namba kumi na saba. Angalia hapa kwangu. Ni samawati, imekuwa samawati tangu Januari."

"Na mimi nakwambia niliona zambalau! Samawati ni ya upande wa bwana. Tutakaa tumechanganyika kama mchele na choloko? Nyumbani wanasema Ssenga amezeeka, macho yamekufa. Mimi!"

Kwanjula ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mama Njeri hakutaka kurudisha mzigo bila kujua kosa ni la nani, Ssenga hakutaka kusikia. Akapigiwa simu bosi, akaja kwa bodaboda, akasikiliza nusu ya maneno, akanielekezea kidole mbele ya wote.

"Ni huyu. Ndiye anayeshika picha. Tangu ajifungue ana akili ya maziwa."

Nikakaza kanga ya Amina mgongoni. Hakuwa amemaliza.

"Nakupa mpaka Ijumaa. Rangi isipokaa sawa, ubaki nyumbani unyonyeshe vizuri. Hii ni kazi ya watu wenye kichwa."

Ninaandika miaka saba baadaye na bado nasaga meno. Nilikuwa na jibu la kambini, lile ambalo askari hulitoa mara moja kisha hupelekwa rumande. Lakini kabla sijafungua mdomo Amina akanijibia. Alijisaidia, tena kwa kishindo, harufu ikajaa ile korido yote. Bosi akashika pua akatoka nje kusimama barabarani.

"Mlaze hapa, mamii," Mama Njeri akasema, akasogeza kitambaa cha Ssenga. Nikamlaza Amina juu ya kaunta, katikati ya vioo viwili. Nikamsafisha. Nikatoa nepi safi, ya kitambaa, iliyofuliwa na kuanikwa juani, nikaikung'uta kuikunjua. Ikapita mbele ya kile kioo cha wateja.

Mkono ukasimama hapohapo.

Ndani ya ule ukurasa kulikuwa na kisanduku cha kuandikia jina la kitambaa unachotafuta. Kisanduku hicho sikukigusa nilipoweka waridi. Nilikiacha cheupe. Kando ya nepi kilikuwa waridi. Nikaisogeza nepi kwenye kioo cha Mama Njeri. Kisanduku kilekile, cheupe kama nepi.

"Ssenga, nishikie mtoto."

"Eh! Na hajafungwa?"

"Nishikie tu."

Akamshika mbali na gomesi yake kama mtu aliyeshika jogoo wa mwenzake. Nikafungua ukurasa mtupu wa kuandikia barua, usiohusiana na tovuti yoyote. Nikauburuta kutoka kioo cha Mama Njeri kwenda cha wateja. Upande huu mweupe. Ulipovuka, ukaona haya, ukawa waridi. Kwa hiyo tovuti haina kosa, na picha zangu hazina kosa. Chumba kimoja kimefungwa.

Nikamsikia Afande Okot: kitu moja tu. Vioo vyote viwili vilitumia kebo za aina moja. Nikachomoa kebo ya kioo cha wateja nikaichomeka kwenye kioo cha Mama Njeri, na yake kule. Tukangoja viwake.

Waridi ilikuwa imehama. Sasa kisanduku kwenye kioo cha Mama Njeri ndicho kilichokuwa kinaona haya, na kwenye cha wateja kilikuwa cheupe pe. Na hapo kwa wateja picha namba kumi na saba ilikuwa samawati, rangi ya mbingu kavu, mbele ya macho ya Ssenga.

"Yesu wangu," Mama Njeri akasema, ameshika shavu. "Sasa yangu ndiyo imekuwa zambarau!"

Nikaigeuza plagi ya ile kebo juani mlangoni. Pini moja kati ya zile za juu ilikuwa imeinama, inagusa nusu nusu. Kebo ya namna hii hupitisha nyekundu kwa pini yake, kijani kwa pini yake, bluu kwa pini yake. Kijani ikidhoofika, nyeupe inakuwa waridi, na samawati, ambayo ndani yake ina kijani kingi hata kama hukioni, inakuwa zambarau. Zile skurubu mbili za kukaza plagi hakuna aliyewahi kuzikaza. Na kutwa kucha Mama Njeri alikuwa anageuza shingo ya kioo, mteja huyu, mteja yule, kebo inavutwa, inarudi, inavutwa, mpaka siku moja imetoka nusu na mtu ameisukuma vibaya kuirudisha.

Nikaomba kalamu iliyokwisha wino. Nikatoa mrija wake, nikaivika pini, nikaiinua. Nikaichomeka, nikakaza skurubu, nikaifunga kebo kwa kamba kwenye mguu wa kioo nikaiachia ulegevu wa kuzunguka. Vioo viwili vikasema kitu kimoja.

Ssenga akamsogeza Amina begani, sasa amesahau habari ya gomesi yake. "Kumbe macho yangu ni mazima," akasema. Hakusema kwa kelele. Ndipo nikaelewa kwamba siku zote zile hakuwa akipigania kitambaa. "Niandikieni barua. Nikawasomee pale nyumbani."

Mama Njeri alikubali papo hapo kuchukua mzigo, kilikuwa hakijakatwa hata kitambaa kimoja, akapanda stoo akaleta zambarau yenyewe. Ssenga akaitazama mlangoni, juani, kwa kidole na kwa jicho. Hivyo ndivyo nguo inavyochaguliwa, na tangu siku hiyo Mama Njeri aliweka kipande cha kila kitambaa kwenye pete ya waya kando ya kioo.

Bosi akarudi ndani harufu ilipoisha. Nikamweleza. "Nilijua ni kebo," akasema. "Andika barua. Sema kebo iliharibika, kampuni imerekebisha."

Nikaandika kwamba kebo ilipinda pini. Kisha nikaandika hivi: "Kosa hili lilionekana mapema, nyeupe ilipogeuka waridi. Mimi Akello niliiona, na badala ya kuuliza kwa nini nikaipaka waridi tovuti nzima. Bosi wangu akaisifu. Ssenga aliona vizuri alichoonyeshwa."

Akasoma juu ya bega langu. "Futa hiyo ya waridi. Tutachekwa."

"Nikiifuta, wifi zake watasema bado ni macho yake. Kwamba kioo kizima kilikuwa waridi na yeye tu hakushtuka. Nani angeshtuka, na sisi tumeipaka kote?"

"Akello. Futa, au usirudi Jumatatu."

Nilimtazama Amina. Alikuwa amelala begani kwa Ssenga, mdomo wazi. Nikaikunja ile barua mara nne nikampa Ssenga mkononi.

Jumatatu sikurudi. Lakini kabla bosi hajatoka mlangoni siku ile, Mama Njeri alimwita.

"Bwana, ngoja kidogo. Hii website itashikwa na Akello."

"Akello si wa kampuni tena."

"Ndiyo nasema. Wewe unasema ulijua ni kebo, na ukaniacha hivyo. Huyu amesema yeye amekosea. Mimi nitampea nani duka yangu?"

Ndivyo nilivyoanza kujitegemea, na miaka saba iliyofuata nilifanya kazi na Amina mgongoni, kisha Amina mkononi, kisha Amina anakaa kando anaandika herufi zake. Jumamosi ile ya kwanjula sikualikwa, lakini Ssenga alinitumia picha: wanawake ishirini na wanne, zambarau safi, na yeye katikati ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliisoma mbele ya wifi zake kabla ya bwana harusi kufika, akairudia aya ya waridi mara mbili.

Wadogo zangu, ukitaka kupima weupe wa kioo, karatasi nyeupe hudanganya. Nyingine zina bluu, nyingine zimezeeka. Mimi nilibeba nepi ile kwenye mkoba wa kazi miaka yote saba, nikiianika mbele ya vioo vya maofisa, vya wachungaji, vya wenye maduka, na kila aliyecheka nilimwambia ngoja. Imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi, lakini bado ni nyeupe kuliko chochote mezani kwangu. Huyu mdogo ameishika sasa hivi, anaitafuna. Akimaliza nitaifua, nitaianika, na yeyote kati yenu atakayeihitaji kazini aje aichukue.